Visigino, matembezi au baiskeli? Kuchagua zoezi la nyumbani ukiwa na kidonda cha vena mguuni

Mtu mwenye kidonda cha mguu kisichopona hana uhaba wa washauri. Jirani anamwambia apumzike, asikanyage chini kabisa. Muuguzi anayemfunga anamwambia atembee. Mtoto wake anampigia simu kutoka Dar na kumwambia afanye mazoezi, bila kusema mazoezi gani. Naye anabaki amekaa, mguu juu ya stuli, bendeji imelowa, hajui amsikilize nani.

Mimi nafunga vidonda hapa Mwanza, na katika swali hili nina upande. Muuguzi yuko karibu zaidi na ukweli, ila kumwambia mtu "tembea" peke yake hakutoshi. Yako mazoezi kadhaa ambayo mtu anaweza kuyafanya nyumbani bila kulipia chochote, nayo hayalingani. Lipo linalomfaa mwenye kifundo kilichokakamaa na lipo litakalomwumiza bure. Lipo linalofaa Nyegezi kwenye njia ya tambarare lakini ni hatari kwa mkazi wa juu ya mawe ya Mabatini. Nitayaweka mawili mawili, uone lipi ni lako.

Kwanza hakikisha kidonda chako ndicho hiki

Kidonda cha vena, yaani kinacholetwa na ubovu wa mishipa inayorudisha damu moyoni, hukaa chini ya mguu, mara nyingi upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Hakiendi ndani sana, kingo zake hazina umbo maalumu, na hutoa maji mengi. Ngozi inayokizunguka huwa imeingia weusi au rangi ya kahawia, inawasha, na kadiri miaka inavyokwenda inakuwa ngumu. Mguu unavimba jioni, asubuhi unapungua. Wengi wanaokipata walikuwa na mishipa iliyojitokeza miguuni tangu zamani, au waliwahi kuganda damu mguuni.

Kanda ya Ziwa ina vidonda vingine vya miguu ambavyo kwa macho vinaweza kufanana na hiki. Selimundu iko kwa wingi huku, nayo huleta vidonda palepale kwenye kifundo, tena kwa vijana. Kisukari hupenda unyayo na vidole, na mguu unakuwa na ganzi. Ikiziba mishipa inayopeleka damu mguuni, mguu unakuwa wa baridi, unauma usiku ukiwa kitandani, na mgonjwa anapata nafuu akiuning'iniza. Huyu wa mwisho ndiye ninayemhofia zaidi, maana bendeji ya kubana inayomponya mwenye kidonda cha vena inaweza kumfikisha yeye kwenye kukatwa mguu.

Kwa hiyo kabla ya kufungwa bendeji ya kubana, omba upimwe presha ya kifundo cha mguu na ilinganishwe na ya mkono. Ya mguu ikigawanywa kwa ya mkono na jibu likawa 0.8 au zaidi, kwa kawaida damu inafika vizuri na bendeji yenye nguvu inaruhusiwa. Likiwa chini ya hapo, daktari ndiye aamue. Likizidi 1.3, hasa kwa mwenye kisukari, namba hiyo haiaminiki, kwa sababu mishipa imekuwa migumu na mashine inadanganyika. Kama zahanati yako haina kifaa, omba rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Safari hiyo moja usiikwepe.

Kwa nini tunahangaika na msuli

Damu ya mguuni inarudi moyoni kwa kupanda. Shavu la mguu linapokaza linaziminya vena zilizo ndani yake, damu inasukumwa juu, na vali ndogo zinafunga njia isirudi. Ukisimama wima bila kutikisika, shinikizo ndani ya vena za kifundoni linafika kama milimita 80 hadi 90 za zebaki. Mwenye vali nzima akianza kutembea, linashuka hadi chini ya 30. Mwenye vali mbovu, linashuka kidogo tu. Ngozi yake inakaa chini ya shinikizo hilo tangu asubuhi mpaka anapolala, maji yanavujia kwenye nyama, na mkwaruzo mdogo wa ukuni unageuka donda ndugu.

Fikiria pampu ya kisima ambayo vali yake imelegea. Ukipiga mpini mara moja moja, maji yanapanda kidogo kisha yanarudi. Ukipiga mfululizo na kwa mkono mrefu, ndoo inajaa. Vali za mguuni hazirudishwi na mazoezi. Ila msuli unaweza kupewa nguvu, na kifundo kinaweza kulegezwa ili kila mpigo uwe mrefu. Hayo mawili, nguvu na urefu wa mpigo, ndiyo nitakayotumia kupima kila zoezi hapa chini.

Na zoezi hufanywa mguu ukiwa umefungwa. Msuli ukivimba ndani ya bendeji iliyobana unakuta kitu cha kuusukumia, na damu haina pa kwenda ila juu. Bila bendeji faida inapungua. Bendeji ifungwe asubuhi kabla mguu haujavimba, kuanzia kwenye maungio ya vidole hadi chini ya goti, kisigino kikiwemo, vidole vikibaki nje ili uvione. Vikiwa vya baridi, vya bluu, au vikifa ganzi, fungua mara moja. Bendeji ya krepu, ile ya kawaida ya kuvutika ya duka la dawa, hulegea baada ya saa chache za kutembea, kwa hiyo mwombe muuguzi amfundishe mtu wa nyumbani kuifunga upya. Zile bendeji ngumu zisizovutika sana zinamfaa zaidi mtu anayefanya mazoezi: zinabana sana msuli unapofanya kazi, na hazibani sana ukilala.

Kupumzika au kufanya mazoezi?

Jirani ana sehemu yake ya ukweli. Mguu ulioinuliwa unapungua uvimbe, na ngozi inapumua. Tatizo ni kwamba karibu kila mtu ninayemwona anainua mguu vibaya. Kukaa kwenye kochi na kuweka mguu juu ya stuli si kuinua mguu, kwa sababu kifundo bado kiko chini ya moyo na damu bado ina kilima cha kupanda. Lala chali kitandani au kwenye mkeka, weka mito miwili au gunia lililokunjwa chini ya mashavu ya miguu, kifundo kiwe juu ya kifua. Nusu saa, mara tatu au nne kwa siku ukiweza.

Lakini mtu akilala siku nzima, shavu la mguu linakonda na kifundo kinakakamaa. Nimeona akina bibi ambao kidonda kilikuwa kidogo, wakakaa kitandani kwa mapenzi ya watoto wao, na baada ya miezi kifundo hakipindi tena. Hapo pampu imekufa kabisa. Kwa hiyo kati ya kupumzika na mazoezi sichagui kimoja. Nachagua kuinua mguu katikati ya mazoezi, na ninakataa kile kinachokaa katikati yao: kusimama palepale kwa muda mrefu, na kukaa miguu ikining'inia. Hivyo viwili ndivyo vibaya kuliko vyote, na ndivyo vinavyojaza siku ya kazi ya watu wengi wa mji huu.

Kukaa au kusimama?

Zoezi la kukaa ndilo jepesi kuliko yote. Kaa kwenye kiti cha kawaida, si kigoda, kwa sababu kwenye kigoda magoti yanapanda juu na kifundo hakipati nafasi. Nyoosha mguu mbele, vuta vidole kuelekea usoni mpaka uhisi shavu la mguu limenyooka, kisha sukuma unyayo mbele kama unayekanyaga breki. Vuta, sukuma. Kisha zungusha kifundo upande huu na upande ule. Kulifanya kitandani pia kunawezekana, na mtu aliyepooza upande mmoja anaweza kufanyiwa na mwanawe kwa kushikwa kisigino kwa mkono mmoja na unyayo kwa mwingine.

Linaongeza urefu wa mpigo. Nguvu haliongezi sana, kwa sababu msuli haubebi uzito wowote. Kwa hiyo ni la kuanzia: kwa mwenye maumivu, kwa mzee anayeyumba, kwa mwenye kifundo kigumu. Kama unaweza kusimama na kushika meza bila kuyumba, usikae kwenye zoezi hili kwa wiki nyingi ukadhani umemaliza kazi.

Katikati ya kukaa na kusimama kuna kipande cha tyubu ya baiskeli, kile tunachofungia mizigo kwenye keria. Kikate kiwe na urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kioshe, kipitishe chini ya unyayo kwenye sehemu iliyo nyuma ya vidole, shika ncha zote mbili mkononi na usukume unyayo mbele dhidi yake. Rudisha polepole. Sasa msuli una kazi. Angalia tu kwamba mpira haupiti juu ya kidonda wala juu ya kifundo, na uvae soksi ili usichune ngozi. Kwa asiyeweza kusimama lakini ana mguu wenye nguvu kiasi, naona hiki kinashinda kila kitu kingine.

Kisha kuna kuinua visigino, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kama ningeambiwa nichague zoezi moja tu kwa watu wote wanaoweza kusimama, ningechagua hili.

Simama nyuma ya kiti kizito au mbele ya ukuta, vidole vya mikono vikigusa tu. Miguu iachane kwa upana wa nyonga. Panda juu ya vidole kwa kuhesabu moja, mbili, mpaka kisigino kimepanda hadi mwisho wake. Bana hapo juu kidogo. Kisha shuka kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Kushuka polepole kuna faida sawa na kupanda, na ndiko watu wanakoibia: wanapanda, halafu wanajiachia chini kwa kishindo. Fanya mara 10, pumzika, rudia mpaka zitimie seti tatu. Siku zinavyokwenda ongeza hadi 15, 20, 25. Ukifika 25 bila kuhema, anza kuinua mguu mmoja mmoja, tena kwa 10.

Tazama goti na kifundo. Goti likikunjwa, paja ndilo linalofanya kazi. Kifundo kikielemea nje, utajikwaa. Mwambie mtu akutazame kwa nyuma siku ya kwanza. Visigino vyote viwili vipande sawa. Mara nyingi cha mguu wenye kidonda kinapanda nusu tu, na hiyo nusu ndiyo inayokuonyesha kazi iliyobaki.

Kama hata kusimama kwa kushika kiti kunakupa wasiwasi, anza ukiwa umekaa: nyayo chini, inua visigino, weka mikono juu ya magoti na uyakandamize ili kuongeza uzito. Ukiweza kwa urahisi, simama.

Visigino au matembezi?

Watu wengi wangependa jibu liwe matembezi, kwa sababu wanaamini tayari wanatembea sana. Mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba aliniambia hivi nilipomuuliza:

"Shikamoo mama. Mazoezi unafanya?"

"Marahaba mwanangu. Mazoezi gani tena? Mimi toka alfajiri niko kwa miguu."

Ni kweli yuko kwa miguu. Lakini ukimtazama, amesimama nyuma ya meza yake, anasogea hatua mbili kuchota, hatua mbili kurudi. Kisigino hakiinuki. Shavu la mguu wake halikazi hata mara moja kwa ukamilifu. Kwa vena zake, siku hiyo yote imekuwa ya kusimama.

Matembezi yanayosaidia ni ya mfululizo: kisigino kinatangulia kugusa chini, vidole vinasukuma nyuma, mwendo wa kumfanya mtu apumue haraka kidogo huku bado anaweza kuongea. Dakika 30, angalau siku tatu kwa wiki. Ukishindwa, gawa kumi kumi. Faida yake juu ya visigino ni kwamba moyo, sukari na presha vinafaidika pia, na uzito unapungua, na uzito mkubwa wenyewe unazibana vena. Upungufu wake ni kwamba kila hatua haikamui msuli sana kama kupanda juu ya vidole, na mwenye kifundo kigumu anaweza kutembea kilomita nzima akiburuta mguu bila kupiga pampu hata mara moja. Huyo aanze na kifundo, matembezi yafuate.

Viatu vinaamua mengi hapa. Kandambili zinamfanya mtu aburute, kwa sababu akiinua kisigino vizuri kiatu kinabaki nyuma. Gambuti zina ukingo unaosugua palepale kidonda kinapokaa, na ndani yake ni jasho. Raba yenye kufungwa kamba, pana ya kutosha kuingia na bendeji, ndiyo sahihi. Za mtumba zinafaa kabisa.

Na kuna Mwanza yenyewe. Mji wetu umejengwa juu ya mawe. Anayeishi Igogo, Mabatini au kwenye miteremko ya Bugando anashuka kwa ngazi za mawe kwenda barabarani, na anapanda akirudi. Kupanda ni zoezi zuri la shavu la mguu, mtu akikanyaga kwa unyayo wa mbele na kujisukuma. Kushuka ndiko kwenye hatari, hasa mvua ikishanyesha na mawe yakateleza. Mguu wenye bendeji nene hauhisi ardhi vizuri, na kidonda kikigonga jiwe unarudi mwanzo. Kwa mkazi wa huko ningesema: visigino nyumbani kila siku, na matembezi siku unazoshuka mjini kwa shughuli nyingine, ukifika kwenye lami. Wa Nyegezi, Pasiansi au kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege, kwenye tambarare, hana kisingizio. Alfajiri kabla jua halijakaza ni saa nzuri, akishafunga bendeji.

Tukiuliza utafiti unasema nini, hauchagui kimoja. Mwaka 2018 watafiti wa Auckland, New Zealand, walikusanya majaribio matano yenye washiriki 190, wote wakiwa wanafungwa bendeji za kubana. Walioongezewa mazoezi walipona wengi zaidi ndani ya wiki 12: kama watu 14 zaidi katika kila 100. Waliochanganya mazoezi ya kuongeza nguvu, ya aina ya visigino, pamoja na matembezi au mwendo mwingine uliopangwa, tofauti ilikuwa kama watu 27 katika 100. Majaribio yenyewe ni madogo, kwa hiyo namba hizo zisomwe kwa tahadhari. Lakini mwelekeo wake unalingana na ninachokiona kwenye bendeji kila wiki, na ndiyo maana kwa anayeweza vyote viwili jibu langu ni vyote viwili: visigino kila siku, matembezi siku tatu au zaidi.

Baiskeli, na cherehani

Huku Usukumani baiskeli iko karibu kila nyumba, kwa hiyo swali hili huja mapema. Baiskeli inatembeza kifundo, inafanyisha kazi mapaja na mashavu ya miguu, na haigongi magoti. Kwa mnene mwenye magoti mabovu inaweza kushinda matembezi, mradi akanyage pedeli kwa unyayo wa mbele na si kwa katikati ya mguu, la sivyo kifundo kinabaki kimetulia na goti ndilo linalofanya kazi yote.

Hofu yangu ni mbili. Kidonda cha vena hupenda upande wa ndani wa kifundo, na kwa mguu wa kulia huo ndio upande wa mnyororo. Kugongwa na mkono wa pedeli au suruali kunaswa na mnyororo ni jambo la sekunde moja. Ya pili ni barabara zetu, na bodaboda zinazokatiza. Kama kidonda kiko mguu wa kulia kwa ndani, ningeiacha baiskeli mpaka kipone. Kama kiko kushoto, barabara ni ya vumbi tulivu na mnyororo una kikinga, sawa.

Fundi cherehani anayetumia cherehani ya miguu ana kitu ambacho mwenye duka la jirani hana: kifundo chake kinakwenda mbele na nyuma siku nzima. Namhesabia hiyo kama zoezi la kukaa, na ni zuri. Ila mpigo wake ni mfupi na hauna uzito, kwa hiyo kila akimaliza nguo asimame nyuma ya kiti chake ainue visigino mara 10. Aliyehamia cherehani ya umeme ameipoteza hata hiyo ya kukaa, na mafundi wengi hawalifikirii hilo.

Ziwani hapana

Ninaulizwa kuhusu kufanya mazoezi majini na watu wa visiwani na wa mialoni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na wanaouliza wana hoja: maji ya kufika kiunoni yanaubana mguu pande zote, na kutembea ndani yake ni kuzuri kwa vena. Katika bwawa safi, kwa mtu ambaye ngozi yake imeshafunga, ni kweli. Katika Ziwa Victoria, kwa mtu mwenye kidonda wazi, hapana. Kichocho kiko kwenye maji ya pwani hizi, na minyoo yake hupenya hata ngozi nzima. Maji ya mwaloni yana kinyesi, mafuta ya injini na matumbo ya samaki. Na bendeji iliyolowa inalegea, inachuna ngozi na kukaribisha usaha. Kama kazi yako ni ya majini, mwambie muuguzi mapema mpange namna ya kuukinga mguu. Usijaribu kuigeuza kazi hiyo kuwa tiba.

Nyumbani au hospitalini chini ya mtaalamu?

Jaribio dogo la Sheffield, Uingereza, lililotolewa mwaka 2018 pia, liliwaleta wagonjwa kufanya mazoezi chini ya msimamizi mara tatu kwa wiki kwa wiki 12. Lilikuwa na watu 39 tu. Kundi la mazoezi lilipona kwa muda wa kati wa wiki 13, na lisilo la mazoezi karibu wiki 35. Ni tofauti ya kutamanisha.

Lakini mara tatu kwa wiki ni nauli ya daladala mara sita, na siku tatu bila biashara. Sitamshauri muuza mboga wa Buhongwa kitu atakachokiacha baada ya wiki mbili. Ninachopendekeza ni kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) mara moja mwanzoni, akupime kifundo, akutazame unavyoinua visigino, akuandikie kiwango chako. Kisha urudi kila baada ya wiki chache aongeze. Katikati, fanyia nyumbani. Wanaohitaji msimamizi kweli ni wenye ugonjwa wa moyo, waliowahi kuanguka, waliopata kiharusi, na wenye kisukari kilichoondoa hisia miguuni.

Kazi yako inakuchagulia nini

Anayesimama kutwa, awe muuza samaki, mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara, mlinzi au mwalimu: visigino vya mara kwa mara papo hapo kazini. Mteja akiondoka, 10. Kipindi kikiisha, 10. Huhitaji nguo za mazoezi wala nafasi, na hakuna anayekuona. Jioni lala na kuinua miguu kabla ya kupika, si baada ya kula.

Dereva na kondakta: kwenye kituo shuka gari, tembea uizunguke stendi badala ya kukaa ndani kusubiri abiria. Gari likiwa limesimama kabisa, vuta na sukuma vifundo.

Bibi asiyetoka nyumbani: kiti na tyubu, asubuhi, mchana na jioni, mjukuu akihesabu. Kusimama kushika meza kuje pale tu anapoweza kuinuka kitini bila kuvutwa.

Kijana mwenye kidonda baada ya kuganda damu: akishakuwa kwenye dawa na daktari amemruhusu, aende moja kwa moja kwenye visigino na matembezi. Ana nguvu za kutosha; kinachomrudisha nyuma mara nyingi ni kuificha bendeji kwa aibu na kuivua akienda kazini.

Pale pa kuacha na kwenda hospitali

Msuli kuchoka na kuuma kidogo siku za mwanzo ni kawaida, na kidonda kutoa maji kidogo zaidi baada ya matembezi pia si jambo la kuogopesha. Shavu la mguu likivimba ghafla, likawa la moto na likauma ukiligusa, usilikande wala usiendelee na zoezi. Damu inaweza kuwa imeganda. Ukiongezeka upungufu wa pumzi au maumivu ya kifua, ni dharura, nenda usiku huohuo. Wekundu au joto linalosambaa kutoka kwenye kidonda, homa, harufu mpya, vidole vinavyogeuka vyeusi: hayo nayo hayasubiri siku ya kufungwa. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujionyeshi vizuri, kwa hiyo pima kwa kiganja cha mkono, ukilinganisha joto la mguu mmoja na mwingine.

Kila wiki, siku ya kubadilisha bendeji, muuguzi apime urefu na upana wa kidonda, na wewe uandike kwenye daftari lako la kliniki idadi ya visigino uliyofikia. Kama baada ya wiki nne kidonda hakijapungua hata kidogo, uliza kama bendeji inabana ipasavyo na kama kuna ugonjwa mwingine nyuma yake. Kikifika wiki 12 bila kuelekea kupona, inafaa kichukuliwe kinyama kidogo kupimwa, maana baadhi ya vidonda vya muda mrefu hugeuka saratani, na inafaa uulizie pia kama vena zako zinaweza kutibiwa zenyewe.

Kikipona, usitupe tyubu. Vali bado ni zilezile, na vidonda hivi hurudi kwa urahisi mno. Bendeji inabadilishwa kuwa soksi za kubana zinazovaliwa kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, na visigino vinaendelea. Nunua jozi mbili ili moja ifuliwe na nyingine ivaliwe, na uzibadilishe kila baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa sababu zinalegea hata kama kwa macho bado zinaonekana nzima.